Magari Matatu ya Barabara ya Sargent

Rodel alituwekea matatu, kila moja na waya wake
umening'inia puani kama mgonjwa wa wodini.
Ndivyo ilivyo Winnipeg: Januari gari hulala limechomekwa ukutani,
la sivyo alfajiri huamshi kitu.

Nilikuja na karatasi. Nyuma ya bili ya umeme
nilichora safu tatu: Sura. Mbio. Uaminifu.
Riziki akachungulia begani.
"Umesahau safu ya mama yako," akasema,
nikadhani anatania.

Mazda lilikuwa jekundu, komamanga lililopasuliwa
juu ya theluji. Sura: kumi. Nikaikoleza ile kumi kwa kalamu.
Honda la kijivu, safi, lenye adabu, buti la kumeza friji,
ila chumvi ya barabarani imelitafuna chini ya milango.
Na Kamri, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
ubavu umebonyea, ndani harufu ya mbwa aliyelowa.
Sura: mbili. Moja ya huruma.

Hafidhi, miaka kumi na mitano, alisimamia mbio.
Alikaa kando yangu na saa ya simu mkononi:
Mazda sekunde nane, Honda tisa na ushei,
Kamri, "Baba, nimechoka kuhesabu."
Kwenye kona ya Arlington breki zilishika, barafu haikushika,
tukateleza pole pole, wekundu wetu wote,
tukamsalimu mtu wa posta kwa ubavu.
Barafu haina habari na sekunde.

Nao wakiwa ofisini wanaota moto,
mimi nilibaki nje, nikageuza bili, nikaandika:

    Nyekundu wanichagiza, moyo wangu waung'oa,
    Taa zako zapendeza, kiza chote zaondoa,
    Wala sitakuuliza, lita ngapi wabomoa,
    Bei yako kutimiza, figo moja nitatoa.

Niliinua macho. Riziki alikuwa anaingia kiti cha nyuma,
mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuketi.
Aliingia kama mama yangu: mguu mmoja kwanza,
mkono juu ya paa, "Ya Rabi, magoti,"
kisha mwili mzima kama gunia la mpunga.
Lile paa la Mazda, linaloteremka kama ukingo wa jambia,
nililolisifu mbele ya watu,
lilimgonga kipajini. Kilemba kikaanguka thelujini.
Hakusema neno. Alikikung'uta tu,
akahamia Honda, akahamia Kamri,
humo akakaa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Halafu akamwambia Rodel: "Chomoa nyaya zote tatu.
Tutarudi saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikitoka zamu."
Rodel alicheka hadi miwani ikapata ukungu.
Miaka ishirini anauza, hajaombwa hilo.
Akachomoa.

Usiku ule ulishuka hadi thelathini na moja chini ya sifuri.
Riziki alikuja na sare ya hospitali chini ya koti,
akashika funguo mwenyewe.
Mazda liliwasha taa zake nzuri, likakohoa mara moja,
likazima na taa.
Honda liliitika mara ya tatu, mkanda ukilia kama paka.
Kamri lilinung'unika, likanung'unika,
kama mtu anayeamshwa kula daku,
kisha likaamka.

"Ni betri tu," nikasema, kwa ajili ya lile jekundu.
"Betri tu," Riziki akakubali.
"Ndoa ngapi zimevunjika kwa betri tu?"

Aprili tulimpokea mama uwanja wa ndege.
Aliingia nyuma bila kuguna, akajinyoosha,
akatandaza kanga juu ya harufu ya mbwa.
Pembeni yetu, kwenye taa za Portage,
likasimama gari jekundu, likimeremeta maji ya theluji iliyoyeyuka.
Mimi nikatazama mbele, mume mwema.
Mama akalitazama hadi taa ikawa kijani.
"Hivi," akauliza, "yenye rangi yalikuwa yamekwisha?"